Bushi za PTFE na polithini kwenye shafti: dalili na sababu pale minyororo ya polima isipolala sawa

Bushi ya plastiki (pete ambayo shafti huzunguka au kuteleza ndani yake) ikianza kulia, kukwama au kuisha kabla ya wakati wake, mafundi wengi huing'oa, huitupa na kupachika mpya. Haupiti muda, mpya nayo inalia. Hii ni kwa sababu mara nyingi kosa haliko kwenye plastiki. Liko juu ya chuma, kwenye utando mwembamba ambao plastiki imeuacha hapo au imeshindwa kuuacha. Utando huo ni kipuri kama bushi yenyewe, ila hauuzwi dukani: hutengenezwa na msuguano, mashine ikiwa inafanya kazi. Ndiyo maana utambuzi wote ulioelezwa hapa unaanza kwa kukagua chuma, na plastiki hufuata baadaye.

Kinachotokea kati ya plastiki na chuma

PTFE (wengi huiita Teflon, ambalo ni jina la biashara) ina minyororo mirefu ya molekuli iliyonyooka, isiyo na matawi, na iliyovikwa florini pande zote. Mnyororo mmoja huteleza juu ya mwenzake bila kunasa. Ndani ya bushi mpya, minyororo hiyo imeelekea kila upande. Ikiburutwa juu ya chuma, tabaka la chini kabisa hung'ang'ania chuma huku lililo juu yake likivutwa, na mvuto huo huinyoosha minyororo na kuilaza kufuata mwendo, kama singa za mkonge zinavyolala zikipigwa brashi. Chuma hubaki kimevikwa utando wa nanomita chache hadi makumi kadhaa. Kuanzia hapo plastiki haigusi chuma tena: ni PTFE iliyolala sawa inayoteleza juu ya PTFE iliyolala sawa. Kigawo cha msuguano, ambacho kwenye mvuto wa kwanza ni takriban 0.2, hushuka hadi kati ya 0.05 na 0.1. Makinson na Tabor, wa Cambridge, walilieleza jambo hili mwaka 1964, na maelezo yao bado ndiyo msingi wa kazi hii.

Polithini nzito (HDPE) na ile ya molekuli ndefu sana (UHMWPE) huenda njia hiyohiyo, kwa sababu nazo zina minyororo iliyonyooka. Polithini nyepesi (LDPE) ina matawi, na polipropilini ina vikundi vinavyochomoza pembeni. Hizo hunasana badala ya kulala, na huacha madonge mahali pa utando. Bushi iliyokatwa kwenye ubao wa polipropilini eti kwa kuwa unafanana na polithini haitaokolewa na marekebisho yoyote yaliyomo humu. Kabla ya kuendelea, hakikisha unajua una plastiki gani. Tumbukiza kipande kwenye maji: polithini na polipropilini huelea, nailoni na PTFE huzama, lakini PTFE utaitambua mkononi kwa uzito wake, maana uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya maji na karibu mara mbili ya nailoni.

Soma chuma kwanza

Fungua mashine, lakini usifute kitu. Kitambaa kimoja chenye petroli kikipita, nusu ya ushahidi imekwenda. Unahitaji tochi, lenzi ya kukuza mara 10, maji safi kwenye bomba la sindano, na kijiti cha meno.

Laza mwanga wa tochi karibu usawa na shafti, kisha zungusha shafti polepole. Utando mzuri wa PTFE tupu (isiyochanganywa na kitu) hauonekani kama rangi. Unaonekana kama sehemu ya chuma iliyofifia kidogo, yenye mistari myembamba mno inayofuata mwendo. PTFE yenye kaboni huacha kijivu cheusi, yenye bronzi huacha kahawia. Ukiona vipande vyeupe vilivyosimama kama magamba ya samaki, huo si utando, ni madonge.

Kisha dondosha tone la maji sehemu mbili: moja palipokuwa ndani ya bushi, jingine mahali pa shafti ambapo bushi haijawahi kufika (hapo pafute kwanza kwa spiriti). Kwenye chuma safi kilichosagwa tone hutawanyika na kulala. Kwenye utando wa PTFE hujikusanya na kusimama, ukingo wake umejikunja kuingia ndani, na ukiinamisha shafti kidogo linasogea kwa mkupuo bila kuacha mkia wa unyevu. Dondosha matone manne au matano kuuzunguka mzingo wa shafti. Yote yakisimama, utando umekamilika. Mawili yakilala, umepata mahali utando ulipokatika, na mara nyingi ndipo pale kelele inapotokea. Angalizo: mafuta nayo huyakusanya maji kiasi, kwa hiyo kama bushi ilipakwa grisi kipimo hiki hakisemi kitu.

Mwisho, pitisha kijiti cha meno kufuata mwendo, halafu kukatisha mwendo. Kikipita laini kwa urefu na kukwaruza kwa upana, jua uso una mitaro. Weka matokeo haya matatu kwenye karatasi kabla hujaenda kwenye dalili.

Msuguano mkubwa mwanzoni, kisha unashuka wenyewe

Huu si ugonjwa. Ni utando unaojengwa. Tatizo huja mtu anapoharakisha: anaipa mashine mzigo wote na kasi yote tangu dakika ya kwanza, minyororo inang'olewa kwa mafungu kabla haijapata nafasi ya kulala, na madonge yanayotoka yanazuia utando usishike.

Zoesha bushi hivi. Safisha shafti kwa asetoni au isopropili, iache ikauke. Endesha kwa theluthi moja ya mzigo, kwa kasi ndogo kadiri mashine inavyoruhusu. Kwa PTFE, chini ya sentimita moja kwa sekunde ndiyo bora kabisa. Nusu saa hadi saa moja inatosha kwa bushi ndogo. Simamisha, toa unga uliotoka kwa brashi laini kavu, usitumie kitambaa wala kiyeyusho. Pandisha mzigo hadi theluthi mbili kwa muda kama huo, halafu mzigo wote. Kama baada ya hapo nguvu ya kuzungusha bado haijashuka, sababu iko kwenye vipengele vinavyofuata.

Madonge na magamba meupe kwenye chuma, bushi inaisha haraka

Hii ndiyo dalili inayoletwa karakana mara nyingi zaidi, na ina sababu tatu zinazofanana kwa sura.

Ya kwanza ni kasi. Minyororo ya PTFE inahitaji muda kuteleza na kujinyoosha. Ukiivuta polepole inalala. Ukiivuta ghafla inakatika kwa mafungu. Kasi ya kuteleza ikikaribia mita 0.1 kwa sekunde na kuizidi, msuguano wa PTFE hupanda hadi 0.2 na zaidi, na mabaki hubadilika kutoka utando kuwa magamba. Baridi hufanya kazi ileile ya kasi: kwa mnyororo wa polima, kupoa na kuharakishwa ni karibu kitu kimoja.

Ya pili ni mzigo ukizidishwa na kasi. Piga hesabu kabla ya kubishana. Chukua shafti ya mm 30, bushi yenye urefu wa mm 20, mzigo wa nyutoni 300 (kama kilo 30). Shinikizo ni 300 gawanya kwa 30 × 20, yaani megapaskali 0.5. Shafti ikizunguka mara 60 kwa dakika, uso wake unakwenda mita 0.094 kwa sekunde. Zao la viwili hivyo ni 0.047. Kikomo cha PTFE tupu ni takriban 0.04. Kwa hiyo bushi hiyo, ambayo kwa macho inaonekana haina kazi nzito, tayari imevuka mpaka. Zungusha mara 300 kwa dakika na zao linafika 0.24, hapo PTFE tupu haina la kufanya, na hata iliyojazwa (iliyochanganywa na kijazo kama kaboni, bronzi au kioo) inahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Joto nalo huongeza uharibifu. Chuma cha kawaida hupitisha joto karibu mara 200 zaidi ya PTFE, hivyo karibu joto lote la msuguano hutoka kupitia shafti. Shafti fupi iliyozungukwa na plastiki pande zote haina pa kulitoa.

Ya tatu ni kutumia PTFE tupu mahali pasipostahili. Utando unaweza kuwa mzuri, matone yote ya maji yakasimama, na bado bushi ikaisha. Minyororo inayolala kirahisi pia hung'oka kirahisi. Kwa mkadirio wa mm³ 0.0005 kwa kila nyutoni-mita, ambao ni wa kawaida kwa PTFE tupu, ile bushi yetu ya nyutoni 300 inapoteza mm³ 150 kwa kila kilomita ya kuteleza. Gawanya kwa eneo la mm² 600: robo milimita. Na kwa mizunguko 60 kwa dakika kilomita moja inakwisha chini ya saa tatu. Bushi iliyojazwa vizuri hupunguza kiasi hicho mara 100 au zaidi, kwa sababu vijazo huzuia mafungu ya minyororo yasing'oke na husaidia utando ushike kwenye chuma.

Marekebisho yanafuata mpangilio huohuo: punguza kasi kama unaweza, ongeza urefu wa bushi ili shinikizo lishuke (lakini kumbuka urefu haupunguzi kasi), kisha badili uende kwenye PTFE yenye kaboni na grafiti, bronzi au kioo. Kuongeza unene wa ukuta wa bushi hakusaidii. Kunazidisha joto.

Shafti imechimbika, bushi bado nzima

Hapa karibu kila mara mkosaji ni kijazo. Nyuzi za kioo ni ngumu kuliko chuma laini, na utando wa nanomita chache hauwezi kukilinda chuma dhidi yake. Kioo kinataka shafti iliyochomwa ikawa ngumu, HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell) 55 au zaidi. Kwenye alumini, shaba, au chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 na 316, usitumie kioo. Tumia kaboni na grafiti, au PTFE iliyojazwa polyesta ya aromati kama muuzaji anayo.

Kama shafti ni ngumu na bado imechimbika, tafuta mchanga. Unga wa chuma au vumbi likizama kwenye plastiki laini hukaa hapo kama jino la msasa. Ikague bushi kwa lenzi. Punje inaonekana kama nukta nyeusi au inayong'aa mwisho wa kila mtaro. Bushi ya namna hiyo haisafishiki, ibadilishe, na ushughulikie sili ya vumbi kabla ya kupachika nyingine.

Utando haushiki, au unashika viraka viraka

Uso wa chuma una kiwango cha ukwaru ambacho utando unakipenda. Kwa PTFE iliyojazwa, Ra (wastani wa ukwaru) kati ya mikroni 0.2 na 0.4 ni mahali salama. Ukwaru ukizidi sana, vilele vya chuma huwa vinachonga plastiki kama tupa, na minyororo inakatwa kabla ya kulazwa. Ukipungua sana, kama kwenye shafti iliyong'arishwa hadi kuwa kioo, utando unakosa vishimo vya kushika na hutoka kwa vipande. Mafundi wengi huamini kung'arisha zaidi ni bora zaidi. Kwa bushi kavu si kweli.

Ila namba ya Ra peke yake haitoshi. Muhimu kuliko hiyo ni mistari ya usagaji imeelekea wapi ikilinganishwa na mwendo. Shafti iliyokerezwa ina mitaro inayouzunguka mzingo. Kama shafti inazunguka, mitaro hiyo iko sambamba na mwendo na minyororo inalala ndani yake vizuri. Lakini fimbo hiyohiyo ukiitumia kwenda mbele na nyuma, kama fimbo ya silinda, kila mtaro unasimama kukatisha mwendo na kuwa wembe. Fimbo ya kwenda na kurudi inahitaji kusagwa na kung'arishwa baada ya kukerezwa, na mpito wa mwisho wa msasa laini, namba 600 kwa mfano, upite kwa urefu wa fimbo.

Kwa shafti inayozunguka ndani ya sili ya mdomo kuna tahadhari ya pekee. Mtaro wa mashine ya kukereza si duara, ni skrubu. Hata ukiwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, unasukuma mafuta kuelekea upande mmoja na sili itavuja ingawa mdomo wake ni mzima. Sehemu ya sili isagwe kwa gurudumu linaloingia moja kwa moja, bila kusogea kwa urefu wa shafti.

Ilikuwa inateleza vizuri. Baada ya usafi imeanza kulia

Mtu ameondoa utando. Asetoni na petroli haziyeyushi PTFE, hivyo kiyeyusho peke yake si tatizo kubwa. Kinachoondoa utando ni msasa au sufu ya chuma iliyotumika "kusafisha weusi" kwenye shafti. Weusi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi. Sasa bushi iliyokwisha kuzoea inakutana na chuma kitupu, na mabaki ya kaboni au bronzi yaliyojitokeza kwenye uso wake yanakwaruza moja kwa moja. Zoesha upya kama bushi mpya. Kama nafasi kati ya bushi na shafti tayari imekaribia kikomo, badili bushi kabisa, kwa kuwa kuzoesha kwa mara ya pili kunakula plastiki tena.

Kosa ndugu ya hilo ni kupaka grisi kidogo "isaidie" kwenye bushi iliyokusudiwa kukaa kavu. Tabaka la mafuta huzuia minyororo kushikana na chuma, utando haujengeki, na grisi hukusanya vumbi. Amua moja: mafuta ya kudumu yanayotosha kutenganisha nyuso, au ukavu kamili. Tone moja kila baada ya wiki mbili ni baya kuliko yote mawili. (Nailoni na asetali ni habari nyingine, hizo hunufaika na grisi ya mwanzo.)

Maji hufanya kama mafuta, na huosha utando kabla haujakomaa. Bushi za pampu zinazozama majini zisiwe za PTFE yenye kioo. Kaboni na grafiti hustahimili zaidi.

Pedi bapa imeanza kubana baada ya kurudishwa

Pedi ya mraba ya PTFE au UHMWPE chini ya meza ya mashine inaweza kurudi mahali pake kwa njia nne, na mbili kati ya hizo ni makosa. Uso wake wa chini una minyororo iliyolala upande mmoja. Ukiigeuza nyuzi 90, minyororo ya pedi inakatisha ile ya utando, na msuguano unarudi kuwa mkubwa kama siku ya kwanza, madonge yakitoka mpaka ilale upya. Chora mshale wa mwendo ubavuni mwa pedi kabla ya kuitoa. Kuigeuza nyuzi 180 hakuna madhara makubwa, kwani mstari wa minyororo unabaki uleule. Kwa bushi ya mviringo inayozunguka shafti, kuipachika kwa pembe nyingine hakubadili mstari wa minyororo.

Jaribio lilifaulu, mashine inakula bushi

Hapa ndipo watu wenye ujuzi hupotea, na gharama yake ni kubwa, kwa hiyo tuende taratibu.

Sampuli imejaribiwa kwenye mashine ya kwenda na kurudi, au kwenye diski inayozunguka. Uchakavu ni mdogo sana. Plastiki hiyohiyo, chuma hichohicho, mzigo uleule, ikiwekwa kwenye mashine halisi inaisha mara kumi au hata mara mia haraka zaidi. Unatafuta mchanga, hupati. Ukwaru uko sawa. Joto liko sawa.

Angalia mwendo. Kwenye jaribio uso ulisuguliwa kufuata mstari mmoja tu. Minyororo ikalala kufuata mstari huo, na plastiki ikawa imara upande huo, kama ubao ulivyo imara kufuata nyuzi zake. Lakini uimara huo umelipiwa: kukatisha nyuzi, ubao hupasuka kwa urahisi. Mashine halisi ikiwa na mwendo unaobadili mwelekeo, kila mpito wa upande unang'oa minyororo iliyolazwa na mpito uliotangulia. Plastiki inajidhoofisha yenyewe kwa ajili ya mpito unaofuata.

Somo hili lilipatikana kwa uchungu kwenye nyonga za bandia. John Charnley, daktari mpasuaji wa Uingereza, alianza na vikombe vya PTFE mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya msuguano wake mdogo, navyo vikaisha ndani ya miaka michache. Mwaka 1962 akahamia UHMWPE. Miongo mitatu baadaye bado maabara zilikuwa zikipima UHMWPE kwa mwendo wa mstari mmoja na kupata uchakavu mdogo usiolingana kabisa na vikombe vilivyotolewa kwa wagonjwa. Nyonga haiendi kwa mstari: kila hatua ya kutembea, nukta moja juu ya kichwa cha chuma huchora kitanzi kwenye kikombe. Katikati ya miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba kukatishana huko kwa njia ndiko kunakoitafuna plastiki iliyopangika. Tiba iliyofuata ilikuwa kuipiga UHMWPE mionzi, kwa kawaida kilogrei 50 hadi 100, ili minyororo ifungwe pamoja kwa madaraja na isiweze kulala upande mmoja kwa urahisi. Uchakavu ulishuka sana, ingawa plastiki ilipoteza sehemu ya uwezo wake wa kuvumilia nyufa.

Karakana haina mionzi, lakini utambuzi ni uleule. Weka nukta ya kalamu ya kudumu kwenye shafti, endesha mashine kwa mkono mzunguko mzima wa kazi, na ufuatilie nukta ile inachora nini. Ikichora mstari na kurudi juu ya mstari huohuo, huna tatizo la mwelekeo. Skrubu inayopanda na kushuka kwa hatua isiyobadilika pia ni salama: shina la vali linalozunguka huku likiinuka hurudi kwenye njia ileile ya mshazari. Lakini ikichora kitanzi, nane, au ikizunguka wakati mmoja na kuteleza kwa urefu wakati mwingine, umepata sababu. Tenganisha miendo: bushi moja ibebe mzunguko, nyingine ibebe mtelezo. Isipowezekana, acha kutegemea polima iliyolala. Bushi ya bronzi yenye mafuta haijali njia zinakatishana vipi. Na kuanzia hapo, sampuli zako zipimwe kwa mwendo unaofanana na kazi.

Asubuhi inabana, mchana inalegea

PTFE hubadili mpangilio wa fuwele zake kwenye nyuzi 19 za Selsiasi, na tena kwenye 30. Kwenye 19 ujazo wake huruka kwa zaidi ya asilimia moja, mruko unaokuja juu ya kutanuka kwa kawaida, ambako nako ni karibu mara kumi ya chuma. Karakana ya Mombasa au Dar es Salaam iko juu ya 19 karibu mwaka mzima na haitaona hili. Nairobi, Arusha au Mbeya, asubuhi za Juni na Julai, bushi iliyokerezwa saa mbili asubuhi na kupimwa hapohapo itakuwa na kipimo kingine saa saba mchana. Acha plastiki na maikromita vikae pamoja kwenye chumba chenye nyuzi 23 saa kadhaa kabla ya kupima. Chini ya 19 minyororo pia imefungika zaidi na haitelezi kirahisi, ndiyo maana mvuto wa kwanza wa asubuhi huwa mgumu.

Nailoni ikibana, usitafute minyororo. Nailoni 6 hunywa maji, hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake ikilowa kabisa, na huvimba. Ongeza nafasi.

Maabara: kipimo kinasema hakuna mpangilio

Wanaotengeneza utando wa PTFE makusudi, kwa kuburuta kipande chake juu ya bamba la moto, hufuata njia ambayo Jean-Claude Wittmann na Paul Smith waliionyesha mwaka 1991: utando huo huwa umepangika kiasi kwamba vitu vingine vikiwekwa juu yake navyo hujipanga. Kwa kawaida bamba huwa nyuzi 200 hadi 300, mwendo karibu mm 1 kwa sekunde, upande mmoja tu; mwisho wa mpito unainua kipande badala ya kukirudisha juu ya njia ileile. Ukingo mpya wa PTFE haugusi sawasawa, hivyo mipito michache ya kwanza ifanyike kwenye bamba la kutupwa. Visiwa visivyoungana vinamaanisha bamba limepoa au ukingo haugusi. Madonge yanamaanisha kasi imezidi. Usivuke nyuzi 300, fungua kitoa hewa, na sigara zisiingie chumbani kabisa: vumbi la PTFE likiungua kwenye sigara hutoa mvuke unaoleta homa na kubana kifua.

Kisha inakuja infraredi ya kuakisi (kipimo kinachosoma mitetemo ya molekuli kwa mwanga usioonekana), na grafu haionyeshi tofauti yoyote ukizungusha sampuli. Usiulaumu utando. Juu ya chuma, sehemu ya mwanga inayotetema sambamba na uso hufutwa na chuma chenyewe, na kifaa huona tu mitetemo inayosimama wima. Minyororo yako imelala. Tofauti kati ya mashariki na kaskazini ya uso haionekani kwa njia hiyo hata ikiwa imepangika kikamilifu. Buruta utando pacha juu ya kioo kwa masharti yaleyale, dondosha fuwele-maji ya nemati (kimiminika ambacho molekuli zake hujipanga upande mmoja) juu yake, na uitazame kati ya vichujio viwili vya polarishaji vilivyokatishana. Ikijaa giza kwa pamoja kwenye pembe moja na kung'aa kwa pamoja ukizungusha nyuzi 45, minyororo imelala. Ikibaki na mabaka yasiyozimika, haijalala.

Kabla ya yote hayo, kwaruza mshale nyuma ya bamba kwa kalamu ya almasi. Utando wa nanomita 20 hauonekani kwa macho, na bamba likishawekwa kwenye kisanduku na wenzake hakuna atakayejua tena liliburutwa kuelekea wapi.